Sista Aliyekuwa Akinidai Maelezo

Habari za msiba zilinikuta kwenye foleni ya benki, Nyamagana: yule sista wa wodi ya watoto wenye saratani ya damu hatunaye tena. Presha, wanasema. Aliamka vizuri, akaanguka jikoni kwake Buhongwa. Nilitoka kwenye foleni, nikasahau hata nilichofuata. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba nilimzika binti yangu akiwa na miaka sita. Sijawahi kuwaambia nilichomfanyia wodini, na aibu yake bado ninayo.

Mwanangu alikuwa amechomwa sindano pajani, nami nikamuuliza sista dawa ile inafanyaje kazi. Akanieleza akiwa amesimama, trei mkononi. Seli za saratani ile haziwezi kujitengenezea kirutubisho fulani, hukiokota kwenye damu. Dawa ni kimeng'enya kinachokivunja kirutubisho hicho, basi seli hizo zinakosa cha kuokota. Seli zisizo na ugonjwa hujitengenezea zenyewe, hivyo zinasalimika. "Tunaziua kwa njaa, baba. Umeelewa?" Nikajibu ndiyo, tena kwa mikogo ya mtu anayeandika magazetini. Nilichoelewa ni kwamba chakula ndicho adui. Mke wangu alikuwa akileta sato na ndizi kutoka Buswelu kila mchana. Nilimpokea hotpoti getini, nikala mwenyewe kwenye ngazi, nikarudi kumpa mtoto maji. Siku tatu. Akilia, namwambia vumilia mama, tunaishinda.

Sista alimkuta analamba kifuniko cha hotpoti. "Nani kasema huyu asile?" Nikamjibu, "Si wewe, sista? Umesema tuziue kwa njaa." Hakunifokea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika uso kwa viganja. "Kosa langu, baba. Nilikuuliza kama umeelewa. Ningekuuliza umeelewa nini." Akaomba uji, akamlisha mwanangu yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Tangu siku hiyo hakumwacha mzazi aondoke bila kumwambia: "Haya, sasa nieleze wewe."

Ugonjwa ulitulia miezi kadhaa, kisha ukarudi na kumchukua. Nilimfuata sista nikamuuliza kama ni zile siku tatu. "Hapana. Kuna seli zilizojifunza kujitengenezea kile zilichokuwa zinaokota. Dawa inavunja, zenyewe zinatengeneza. Siyo wewe uliyemuua, baba. Haya, nieleze wewe nimesemaje." Nikasema asante, sista, nikaondoka. Kila tulipokutana sokoni, baada ya salamu, aliniambia, "Bado hujanieleza." Nami nilicheka, nikauliza bei ya nyanya.

Nchi yetu inaendeshwa kwa kutikisa vichwa. Mwalimu anauliza tumeelewana, darasa zima linaitikia ndiyo. Mwenyekiti wa mtaa vivyo hivyo, daktari vivyo hivyo, na kila mmoja anarudi nyumbani na lake. Muulizeni mtu ameelewa nini, na mkiulizwa ninyi, jibuni, hata kama jibu linauma. Mimi nilichelewa. Jana, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kagera, nilisimama mbele ya jeneza lake, watu nyuma yangu wakisubiri zamu yao ya kuaga, nikamweleza: seli zilijifunza, sista. Siyo mimi niliyemuua. Nikasubiri aniambie kama nimepatia.