Mazishi ya Seva Tangini

Mzee Pazi ndiye mtunza seva wa kampuni yetu ndogo pale Tangini, Kibaha. Shule huweka matokeo ya mitihani kwenye seva yetu, kompyuta inayohudumia watu wengi mtandaoni, na siku yanapotoka wazazi wote huyafungua kwa pamoja. Mwaka jana mashine ilizidiwa, ikakwama tangu asubuhi. Ikikwama tena, shule zitatuhama.

Kwa hiyo bosi wetu, Wema, aliazima seva mbili za majaribio, moja yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kampuni ya Intel, nyingine za wapinzani wao, AMD.

"Mzee Pazi, utakayoichagua ndiyo tutakayoinunua," alisema.

Ilikuwa kama kumpa shabiki wa Yanga filimbi achezeshe mechi yao na Simba. Seva yetu kongwe ni Intel, na kibandiko cha bluu cha kampuni hiyo Mzee Pazi amekibandika hadi kwenye pikipiki anayoendea kwao Masaki, Kisarawe. Zamani hakuwa na wa kubishana naye, maana seva karibu zote zilikuwa za hao hao. Siku hizi AMD wamechangamka, na Castory wa masoko hachoki kumkumbusha. Castory ni Mnyamwezi, Pazi ni Mzaramo: watani tangu hawajazaliwa.

Siku ya jaribio tuliikuta Intel imetulia chini ya kiyoyozi. AMD ilikuwa dirishani, jua likiipiga mgongoni.

"Mtani, huyu mbona umemwanika kama muhogo?" Castory aliuliza.

"Mgeni hukaa dirishani, apate upepo."

"Mkweo ungemkalisha hapo?"

Tulicheka, isipokuwa Mzee Pazi. Seva ikipata joto hupunguza mwendo isije ikaungua. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Akaibeba ile mashine, akaiweka chini ya kiyoyozi bega kwa bega na mwenzake, kisha akazibebesha zote mzigo wa siku ya matokeo.

Kwa kazi yetu, mgeni alishinda. Si kwa mbali, lakini alishinda.

"Labda urudie, mzee," nilimwambia kwa huruma.

"Refa akishapuliza, kapuliza. Bosi, nunua AMD."

Siku ya kuitoa seva kongwe, tulimkuta Castory amejilaza kizingitini, kajitanda kanga ya Wema, analia kwa sauti.

"Marehemu hapiti! Mtani hatoki kaburini mpaka apewe chake!"

Mzee Pazi akatoa mfuko wa korosho za Masaki mkobani.

"Nilijua utalala hapo. Haya, kula, kisha umbebe. Upagazi ni kazi ya babu zako."

Castory akainuka akitafuna, akambeba marehemu hadi stoo.

Matokeo yalipotoka, simu ya ofisi ilinyamaza kutwa nzima; hakuna mzazi aliyelalamika. Mzee Pazi alishinda kando ya seva mpya, akiipangusa vumbi ambalo haikuwa nalo. Jioni nilimkuta nje akiwasha pikipiki. Kibandiko cha bluu kilikuwa palepale.

"Kuchagua nimechagua," aliniambia. "Timu sijahama."