Mluzi katika Gari la Mama Furaha

Stamili hashindwi. Anayebisha aende Masasi akamuulize fundi redio aitwaye Petro, aliyeona kwa macho yake mwanamke akikataa kushuka kwenye gari lake mwenyewe.

Stamili ndiye mtangazaji wetu hapa Mnyambe. Ana Noah ya zamani yenye vipaza sauti viwili juu ya paa, na kwake ndiko tunakosikia habari zote: chanjo ya watoto, mnada wa korosho, nani kafariki na anazikwa saa ngapi. Kazi hiyo aliianza marehemu mumewe. Alipofariki, tulidhani mjane atauza gari. Wapi! Eda ilipokwisha tu, alishika usukani na maiki.

Mwaka huu vile vipaza sauti vikaanza kupiga mluzi. Stamili akikanyaga mafuta mluzi unapanda, akiachia unashuka, na maneno yake yanazama humo humo. Bibi Veridiana alitoka nje siku moja akauliza kama lile gari linaumwa meno. Tulicheka sana.

Lakini Furaha, mtoto wa Stamili, alikuwa jandoni, na hapo kicheko kilikoma. Kwetu mtoto hutoka jandoni na jina jipya, linatangazwa siku ile ile mbele ya watu wote. Ukimwita kwa jina la utotoni baada ya hapo, umemtukana. Stamili alikuwa ameapa kulitangaza jina hilo kwa mdomo wake, kwa gari la baba wa mtoto, lisikike hadi mashambani. Shemeji yake, Yassini, hakuafiki.

"Shemeji, kwa mluzi ule watu watasikia jina gani? Mimi nimeshaongea na kijana mmoja wa Newala, atakuja na spika zake."

"Mwambie asije."

"Na gari lisipopona?"

"Nimesema asije, shemeji."

Fundi wa kwanza, kule Newala, alikuwa ameshamfungia antena mpya. Antena! Mtu anatangaza kwa maiki, antena ya nini? Kwa hiyo siku moja kabla ya watoto kutoka, Stamili aliteremka Masasi alfajiri, mluzi ukimsindikiza njia nzima.

"Shikamoo, mama," alisema Petro.

"Marahaba, baba. Sikiliza mwenyewe."

Petro alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. "Mluzi unaofuata injini unatoka kwenye alternata, ile inayochaji betri," alisema. "Umeme wake unapenya kwenye sauti. Tutafute unapenyea wapi."

Alichomoa maiki, mluzi ukabaki. Alichomoa waya unaotoka kwenye redio kwenda kwenye amplifaya, kukawa kimya. Petro akatabasamu na kuilaumu redio. Akafunga redio nyingine kutoka dukani kwake, na mluzi ukarudi vile vile. Tabasamu likaisha. Alibadilisha waya, akaupitisha mbali na nyaya za umeme, akajaribu hata kuufunika. Mluzi haukujali.

Alasiri Petro alifuta jasho. "Mama Furaha, niachie gari. Jumatatu nitaliangalia kwa utulivu."

"Jumatatu mwanangu atakuwa na jina ambalo watu hawakulisikia. Sishuki."

Akajifunga khanga vizuri, akakaa. Petro aliwatazama mafundi wenzake wamsaidie kumbembeleza, nao wakaona ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Stamili alikuwa na hasira, lakini hasira yake haimzuii kufikiri. "Baba, tangu asubuhi unatafuta mluzi unakoingilia. Umeme wa hii amplifaya, ukishaingia, unatokea wapi?"

Petro alichukua waya mrefu. Akaunganisha amplifaya moja kwa moja na upande wa hasi wa betri. Mluzi ukakatika. Ikasikika injini peke yake.

Waya wa hasi wa amplifaya ulikuwa umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, chini ya kapeti ya nyuma. Walipoifunua kapeti, walikuta unga wa manjano umelowa na kugandamana, na bolti imeliwa na kutu.

"Salfa!" Stamili alishika kichwa.

Tangu msimu wa kupulizia mikorosho uanze, alikuwa akiwabebea majirani mifuko ya salfa hadi mashambani, pamoja na turubai zilizolowa umande. Nani angemnyima jirani lifti ya mfuko? Na mfuko uliochanika vibaya kuliko yote, alikumbuka vizuri sana, ulikuwa wa shemeji yake Yassini.

Petro alikwangua rangi mahali pakavu, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akafunga bolti mpya. Stamili aliikaza mara ya mwisho kwa mkono wake.

Siku iliyofuata watoto walitoka, wana nguo mpya, wamefunikwa miavuli, wameinamisha vichwa kwa adabu. Stamili alisimama kando ya gari, injini inanguruma, maiki mkononi.

"Mwanangu," alisema, "kuanzia leo anaitwa..."

Sauti ikamkatika. Juma lililopita mluzi ungemsitiri. Sasa kila pumzi yake ilitoka juu ya paa, safi, na kijiji kizima kikamsikia akilia. Wanawake walianza kulia naye. Yassini alitazama chini. Hakuna aliyethubutu kumpokea maiki.

Akajaribu tena.

"Anaitwa Sadallah. Na mimi ni Mama Sadallah."

Kabla hata sisi tuliokuwa pale hatujapiga vigelegele, mtu ambaye hatukumwona aliitika kwa mbali sana, kutoka katikati ya mikorosho:

"Hongera, Mama Sadallah!"