Sukari Guru Kwenye Mkanda

Nakumbuka Jumamosi moja ambayo nilikaribia kukosa mke kwa sababu ya mkanda wa mpira usiofika hata upana wa kidole changu kidogo. Usicheke, mwanangu. Au cheka, lakini sikiliza huku ukicheka, maana haya ninayokuambia hayamo katika kitabu chochote cha ufundi, na vitabu vya ufundi nimevisoma viwili vizima.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, nikiishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben na kufanya kazi hapo hapo Industrial Area, penye viwanda, kwenye kiwanda cha kusaga unga. Kazi yangu ilikuwa moja tu, mikanda. Kila mashine pale ilizungushwa na mkanda, na kila mkanda uliposumbua niliitwa mimi. Dawa yangu nayo ilikuwa moja, kukaza. Mkanda ukiteleza, kaza. Ukipiga kelele, kaza. Na ukikataa kabisa, tulikuwa na siri yetu ya kiwandani: tuliyeyusha sukari guru kidogo, tukaipaka upande wa ndani, ukanata, kazi ikaendelea. Wenzangu waliniita Fundi Mkanda. Mimi, maskini wa watu, niliitika kwa kifua mbele.

Wakati huo nilikuwa nimempenda Mwende wa mtaa wa Makongeni. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa kibarazani, akishona sare za shule za mtaa mzima. Baba yake, Mzee Kilonzo, alikuwa dereva. Alikuwa Mkamba mpole aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi, akarudi na Kiswahili cha adabu ambacho sisi wa mitaa ya Eastlands kilitupita juu. Huyu mzee alikuwa na pendo moja ambalo mtu wa umri wake hakutarajiwa kuwa nalo. Mzungu ambaye mzee alikuwa dereva wake, aliporudi kwao, alimwachia kigari cha mashindano cha rimoti.

Usidhani ni kile cha plastiki cha kuvutwa kwa uzi. Hiki kilikuwa na mota na betri, na magurudumu yake yote manne yalikuwa yakisukuma. Nguvu ya mota ilipelekwa na mikanda miwili yenye meno, mfupi kwa magurudumu ya nyuma na mrefu uliopita chini ya kifuniko hadi mbele. Meno ya mkanda yaliingia kwenye meno ya puli, kile kigurudumu kinachozungusha mkanda, kama zipu ya suruali. Kikikimbia kwenye udongo wa murram, kilitimua vumbi kuliko lori.

Mpinzani wa Mzee Kilonzo alikuwa Mzee Wainaina, muuza mbao, aliyekuwa na kigari chake cha kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Jumamosi alasiri wazee hawa wawili walisimama uwanjani na rimoti zao, wametoa ndimi nje kama watoto wanaoandika, na nusu ya Makongeni ikitazama. Sasa shika hili vizuri: Mzee Wainaina alikuwa baba yangu mdogo. Na ndiye aliyepangwa kuongoza wazee wangu siku ya kwenda kumposa Mwende.

Wiki ile nilipotuma ujumbe kwamba watu wangu wanaomba siku ya kuja, kigari cha Mzee Kilonzo kilikuwa kimeanza ugonjwa. Kila kilipoondoka kwa kasi, mkanda wa mbele uliruka meno, trrrr. Mzee akaniita. Akaniwekea kigari mikononi jinsi mtu anavyokupa mtoto mchanga.

"Nasikia wewe ni fundi wa mikanda," akasema. "Jumamosi nashindana na baba yako mdogo. Nataka kwanza niuone mkono wako, hayo mengine tutayazungumza baadaye. Ukikwama, uliza nyumbani."

Niliondoka pale nimekasirika. Uliza nyumbani! Nyumbani kwetu Murang'a alikuwepo mama yangu, na mama alijua ng'ombe, kahawa na Biblia. Niliona mzee ananidharau, ananiambia kwa adabu nirudi kwetu. Nikaapa kwamba sitakwama. Asiyeuliza hana ajifunzalo, walisema wahenga, lakini mimi siku hizo wahenga niliwaona ni watu ambao hawakuwahi kushika spana.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, nilikiweka kigari juu ya meza ya kazi kiwandani. Wenzangu walizunguka wakipiga mbinja. Nilifungua kifuniko, nikaona kijigurudumu cha kukazia mkanda, nikaikaza skrubu yake mpaka ikagoma. Nilipoudokoa mkanda kwa ukucha, ulilia kama uzi wa gitaa. Nikafurahi. Halafu, ili nisiache shaka yoyote, nikayeyusha sukari guru. Nikaipaka kwa ukarimu mikanda yote miwili, nikafunga, nikaenda nacho nyumbani kwangu nikakiweka sakafuni kando ya kitanda. Sikuzungusha hata gurudumu moja kwa mkono.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mzee Kilonzo alikuwa amevaa koti la kanisani. Filimbi ikapigwa, kigari cha baba mdogo kikachomoka. Chetu kikatoa mlio wa mtu anayenyanyua gunia, kikasogea hatua nne, kikapumzika. Kikasogea tena. Vumbi lote la uwanja liliingia chini yake na kukataa kutoka. Kabla ya kona ya kwanza mota ikatoa moshi mwembamba, na harufu ikasambaa ambayo wengi hawakuitambua. Mimi niliitambua. Ilikuwa harufu ya sukari inayoungua.

Baba mdogo alizunguka mara tatu peke yake na kushinda.

Basi minong'ono ikaanza. Huyu kijana si ni wa kwa Wainaina? Damu nzito kuliko maji. Mtu mmoja akasema wazi kwamba nimetumwa kukiua kigari. Baba mdogo akaapa kwamba hajui lolote, lakini aliapa huku meno yote yako nje kwa furaha, ikawa heri angenyamaza. Mzee Kilonzo alikiokota kigari chake, akakipangusa kwa mkono wa koti la kanisani, akanisogelea. Hakupandisha sauti.

"Kijana, kama hukumtaka binti yangu ungesema tu. Hukuhitaji kuniaibisha mbele ya watu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Kushindwa ningeweza kuvumilia, mwanangu, lakini kuitwa msaliti na baba wa msichana unayempenda ni jambo lingine kabisa. Machozi yalinilenga na sikuyaficha vizuri.

Mwende alinivuta kando. "Ulicheki na mathe kwanza?" akaniuliza kwa lugha ya vijana wa mtaani, ambao mama kwao ni mathe na baba ni mbuyu.

"Mathe wa nini? Hii ni kazi ya mikanda."

"Si mbuyu alikuambia uulize nyumbani? Nyumbani ni mathe. Mbuyu huwa hasemi 'bibi yangu' mbele ya watu, husema 'nyumbani'. Na hiyo gari ni mathe huitengenezanga. Yeye hushika tu rimoti."

Miezi yote ile, fundi wa kile kigari alikuwa yule mama wa kibarazani niliyekuwa nikimpita kila Jumapili, nikimwamkia haraka haraka na kumtafuta binti yake kwa macho.

Tukaenda kibarazani, Mzee Kilonzo mbele, mimi nyuma kama mtuhumiwa. Mama Mwende alitoa bisibisi ndogo kwenye droo ya cherehani, akafungua kifuniko. Sisimizi wakatoka. Hawakutoka wawili watatu. Ulitoka ukoo mzima, pamoja na wazee wao. Walikuwa wamehamia usiku, nami nimelala. Mama akagusa mkanda, akanusa kidole, akakionja.

"Sukari guru," akasema.

Alicheka mpaka tepu ya kupimia ikamponyoka shingoni. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Mwende, huyu hakutumwa na mtu. Mtu aliyetumwa angetia mchanga. Huyu ni mjinga tu, na ujinga una dawa."

Sijawahi kushukuru kuitwa mjinga kama siku ile. Uso wa Mzee Kilonzo ukalegea, akavuta kiti akaketi.

Mama akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Likagoma. Akachungulia, akachukua sindano, akaanza kuvuta, na huko ndani ukatoka uzi wa kijani, mrefu, uzi wa sare za shule. Kigari kilikuwa kikiwekwa chini ya cherehani, uzi ukajizungusha kwenye ekseli ya mbele, magurudumu yakafungika. Mkanda haukuwa umelegea hata kidogo. Uliruka meno kwa sababu ulikuwa ukivuta kitu kilichofungwa.

Hapo aliacha kucheka. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulisikia kitu kinalia, ukakimbilia kukaza," akasema. "Hukuuliza kinalia wapi. Sasa Mwende naye siku akilia, utamkaza hivi hivi?"

Niliona aibu iliyoshinda ile ya uwanjani, kwa sababu ile ya uwanjani nilionewa, na hii ilikuwa yangu halali.

Alinipa mswaki mkuukuu na bakuli la maji ya vuguvugu. Alasiri iliyobaki nilisugua sukari na matope kwenye meno ya mikanda, nikatoa sisimizi mmoja mmoja, na wateja waliokuja kuchukua sare wakaniuliza kama nimeajiriwa. Mikanda ilipokauka kwenye jua la jioni, akanifundisha. Kwanza alinibonyezesha mkanda wa ngozi wa cherehani yake, nisikie unavyokubali kidogo halafu unakataa. Kisha akaniambia nilegeze ule wa kigari polepole, nikibonyeza katikati, mpaka uingie kiasi cha unene wa kitambaa cha suti kilichokunjwa mara mbili. Akanionya kwamba mkanda wa meno haupakwi kitu, hata mafuta. Nilipozungusha gurudumu, manne yote yalizunguka pamoja bila kunung'unika.

Wiki mbili baadaye wazee wangu walipokelewa. Chai ilipokwisha kunywewa na maneno makubwa kusemwa, Mzee Kilonzo akanitaka nisimame. Kigari kilikuwa juu ya kabati, kinang'aa, nadhani kwa makusudi.

"Mnaanza maisha," akasema. "Siku mambo yakikwama kati yako na binti yangu, utafanya nini?"

Baba mdogo alinikonyeza, nitoe methali nzito niliyofundishwa njiani. Ikanitoka kichwani yote. Nikamtazama Mwende aliyesimama mlangoni na birika.

"Nitauliza nyumbani," nikasema.

Halafu nikasikia cheko la Mama Mwende, lile lile la kuangusha tepu, na Mzee Kilonzo akasema, "Kaa chini, mwanangu." Siku ile ndipo aliponiita hivyo kwa mara ya kwanza. Jioni kabla ya kuagana wale wazee wawili walishuka uwanjani na vigari vyao. Nani alishinda sisemi. Mmoja ni baba mdogo na mwingine ni mkwe, na ndoa yangu imedumu kwa kujua la kusema na la kumeza.

Basi mwanangu, wewe uliyehitimu juzi na vyeti vyako bado vinanukia wino, shika haya ya mzee aliyepaka sukari mahali pasipo pake. Ufundi ulioupata kwenye mashine kubwa usiupeleke mbio kwenye kitu kidogo cha mtu mwingine. Ukisikia kilio, iwe cha mkanda, cha mtoto au cha mwenzako, zungusha gurudumu kwanza kwa mkono, utafute uzi ulipojifunga. Ngoma ikilia sana hupasuka, na kinachokazwa sana hukatika kabla ya kilicholegea. Mpendwa wako umwachie nafasi ya suti iliyokunjwa mara mbili, asiteleze wala asikatike. Na ukiambiwa uulize, uliza, hasa kwa yule unayempita kila siku kibarazani ukidhani hana la kukufunza.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa spana. Akupe nyumba yenye mtu wa kuulizwa, na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akujalie mama wa kuonja kosa lako kwa kidole na kucheka kwanza. Sasa niache nisimame, Mwende anaita kwamba mlango wa jikoni unalia. Ningekuwa yule wa zamani ningeshika bisibisi. Naenda kumuuliza unalia wapi.