Utosi Uliozama

Nilipokuwa mtoto mtaani Sarang'ombe, ploti yetu nzima, wapangaji wote wa ua mmoja, ilijua kwamba utosi wa mtoto ukizama, kuna jicho baya limemtazama. Dawa ilijulikana pia: majani ya kupondwa, yapakwe utosini, na mtoto asinyonye wala asinywe mpaka tumbo "lilale". Hilo la mwisho ndilo lililoua, lakini lawama zote zilikwenda kwa jicho.

Bingwa wa utosi alikuwa nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani. Mdogo wangu Ouma, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, alipoharisha kutwa nzima, Dani alimpaka majani na kutangaza marufuku ya maziwa. Mama alinuna tu. Nani ampinge mama mkwe?

Asubuhi Ouma akawa analia bila machozi. Mama akamvisha kofia ya sufu kuficha majani, maana kuna muuguzi aliyewahi kumsuta mbele ya foleni nzima kwa majani kama hayo. Tukaenda kliniki ya Makina kwa daktari wa watoto. Dani alikuja kulinda kazi yake; mimi nilifuata kwa kuwa hakuna aliyenifukuza.

Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliivua ile kofia. Mama akainamisha kichwa kungojea matusi.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi," Dani akasema, kidevu juu.

"Uliona nini, shosho?"

"Shosho ni nyanya wa Wakikuyu, watafute huko Kawangware. Mimi ni Dani."

"Pole, Dani. Uliona nini?"

"Utosi umeanguka. Kwani wewe huoni?"

"Naona. Umeona vizuri."

Akauchukua mkono wa Dani, wakabana pamoja ngozi ya tumbo la Ouma. Ilibaki imejikunja, ikarudi polepole mno.

"Maji yamemwishia mwilini, ndiyo maana utosi umezama. Tukiendelea kumnyima, tutamzika. Sikutishi, Dani."

"Na akinywa atapike?"

"Tunangoja kidogo, tunaanza tena. Ikishindikana, tunamtundikia maji ya mshipa na kumkimbiza hospitali kubwa."

"Na majani yangu?"

Daktari akachungulia chini yake. "Hukumchanja kwa wembe. Yakae, hayamdhuru. Ila hayatamponya."

Siku hizi jambo hilo, kusema na wazee wa dawa bila kuwadharau, wauguzi hufundishwa kwa semina ya siku mbili, na chai ya saa nne. Daktari yule alitumia kijiko, na kijiko chenyewe alimpa Dani. Mama aliambiwa anyonyeshe. Dani akawa ananywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, akimgombeza Ouma kila alipotema.

"Kunywa, we mzee mbishi! Unanimwagia ya nini?"

Ouma alitapika. Wakangoja, wakaanza tena. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wake, nikiamini kwamba nikiuachia atakufa. Alasiri akamkojolea Dani mapajani, na sijawahi tena kuona watu wazima wakifurahia mkojo namna ile. Daktari akamwambia Dani aguse utosi. Akaugusa. Akachota kijiko kingine bila kuambiwa.

Nyumbani sifa ziligawanywa nusu kwa nusu. "Mimi na daktari tumemtibu," ploti ikaambiwa. Na miaka iliyofuata akina mama waliendelea kumletea watoto. Aliwapaka majani kama kawaida, halafu akauliza, "Amekunywa nini?" Asiporidhika na jibu, kijiko kilitoka, na mama mtu akaelekezwa Makina.

Nilipokwisha kusoma vya kutosha kuwa msumbufu, nilimwambia wazi kwamba majani hayafanyi kitu.

"Ndivyo daktari alivyosema," akajibu. "Lakini kwani mtu analeta mtoto kwangu kufuata kijiko?"

Yule daktari hakuligusa jicho baya hata kwa neno moja. Alimwambia mwanamke mzee ukweli wote, akamwachia heshima yake, na kwa heshima hiyo watoto wengi wa Sarang'ombe walinyweshwa maji na mtu ambaye mama zao walimwamini tayari.