Kamba Iliyobaki Stoo

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Uhuru ulikuwa bado mpya hapa Kakamega. Mzungu aliyekuwa bwana wetu kazini alikuwa ameondoka, na mimi, kijana nisiyejua lolote ila kusoma na kuandika, nikafanywa nyapara wa nyumba za serikali.

Nyumba moja ilikuwa ya vigae, na ofisa mpya angehamia Jumatatu. Mvua yetu unaijua. Vigae vilikuwa vimeota kuvu ya kijani, nene na laini kama manyoya, na maji yalikuwa yameanza kupenya ndani. Nikamwita Shitanda aje aiparue. Alikuwa fundi, mume wa dada yangu Rasoa, na ndiye aliyenitafutia ile kazi.

Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shitanda alipanda ngazi, akagusa kigae kwa kidole, akashuka. Akasema tungoje jua likaushe paa, kisha nimpe kamba ajifunge kiunoni. Kamba ilikuwa stoo, mwendo mfupi tu. Lakini vibarua walikuwa wakitutazama, nami nikaona shemeji ananifundisha kazi mbele yao.

"Woga huo uliondoka na Wazungu," nikamwambia. "Panda."

Vibarua wakacheka. Akapanda. Aliparua safu mbili tu, mguu ukateleza. Nilisikia vigae vikivunjika, kisha nikamsikia yeye kwenye saruji.

Hakufa. Alilala kitandani miaka kumi na mmoja, mgongo umevunjika, Rasoa akimgeuza kama mtoto mchanga. Hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu. Maana ofisini niliandika kwamba alianguka kwa uzembe wake mwenyewe.

Rasoa alipata habari za maandishi hayo. Nilipokwenda kuwaona, alinizuia mlangoni.

"Kamba ilikuwa wapi?"

"Stoo."

"Na kwenye karatasi uliandika nini?"

Rasoa hakuniita ndugu tena mpaka yeye mwenyewe alipozikwa.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kusimamia watu. Paa likiwa na maji, usimpandishe mtu. Ngazi ishikwe, kamba ifungwe, na anayepanda ndiye aseme lini. Ukikosea, andika kwamba umekosea, siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, na wa kuwaomba msamaha hawapo.

Mungu akupe moyo wa kusema "tungoje" hata wakikucheka, na kila utakayemtuma juu ashuke kwa miguu yake.