Marehemu Wote Walifaulu

Gozbert alikuwa na dharau ya kuutosha mtaa mzima wa Gongo la Mboto, na nyingine ikabaki ya kupeleka Pugu. Wenye digrii aliwadharau kwa sababu wanazo, wasio nazo akawadharau kwa sababu hawana. Mwenyewe alikuwa karani wa ghala la saruji, mtu aliyemaliza kidato cha sita na matokeo yasiyomfikisha popote. Ila kupanga maneno alijua, kwa hiyo watu walimwita Msomi, naye hakuwahi kuwakatalia.

Jina hilo alilipatia misibani. Akifa mtu katika jumuiya yao, hata turubai halijasimama vizuri, utasikia: mwiteni Msomi aandike wasifu wa marehemu. Basi anakuja na shati lake jeupe, anakaa na wafiwa, anauliza marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Kwenye kusoma ndipo uongo ulipoanzia. Aliyeacha shule darasa la tano aliandikiwa kwamba "alijiendeleza kielimu". Aliyefukuzwa chuo "alihitimu kwa mafanikio makubwa". Gozbert aliyaandika yote huku amebinua midomo, na akirudi nyumbani alimwambia mkewe, "Felicitas, huku kwetu marehemu wote walifaulu. Ukitaka cheti, kufa."

Felicitas alicheka, lakini alikuwa na lake moyoni. Yeye peke yake mtaani ndiye aliyejua kwamba mwaka jana mumewe alifanya ule mtihani wa watu wazima wa kujiunga na chuo kikuu, wanaoufanya wale ambao vyeti vyao havitoshi. Gozbert alitaka kusomea sheria. Alilitaka jambo hilo tangu ujana, kwa hamu ambayo hata kuitamka aliona haya. Lakini kujiandaa hakujiandaa. "Mie nikajifungie nisome kama mtoto? Huo si mtihani, hiyo ni ngumbaru ya wazee wasiojua kusoma." Akaingia mikono mitupu, maswali ya hesabu yakamtoa jasho, akafeli.

Tangu hapo ikawa sizitaki mbichi hizi. Chuo kimeoza, wahadhiri watoto, wanasheria wenyewe wamejaa mjini hawana kazi. Sasa dirisha la maombi lilikuwa limefunguliwa tena na lingefungwa Ijumaa. Felicitas alimuuliza kila asubuhi akimwekea chai.

"Baba Vaileth, unarudia au hurudii?"

"Nirudie matapishi?"

"Sema tu unaogopa."

Gozbert akachukua shati lake, akaenda zake ghalani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba siku ile ya mtihani kuna mtu alimwona. Albano, fundi friji wa Pugu, alikuwa chumba kilekile, amevaa suti yake ya harusi yenye mabega mapana, amekaba tai. Alipomwona Gozbert alipaza sauti, "Kaka! Kumbe na wewe umo!" Gozbert alitamani sakafu immeze. Fundi friji na suti, anatafuta digrii! Na ilikuwa wazi kwamba Albano hakuwa mgeni pale, maana hata msimamizi alimsalimia kwa jina.

Matokeo yalipotoka Albano alikuja mwenyewe kijiweni, akatangaza, "Jamani, nimepigwa tena!" Akawanunulia watu soda. Gozbert alikuwepo, ameshaandaa uongo wake, anasubiri tu atajwe. Hakutajwa. Siku hiyo wala nyingine yoyote. Badala ya kushukuru akamdharau zaidi: kichwa cha fundi, kimeshasahau.

Sasa, wiki hii ya dirisha kufungwa, presha ikamwangusha Albano, akafa. Na mwiteni nani? Msomi.

Mjane wake, mama Lusungu, alikuwa amekaa kwenye mkeka, sauti imekauka kwa kulia. Walipofika kwenye elimu, Gozbert alitangulia kuandika yake ya siku zote.

"Umeandika nini hapo, shemeji?"

"Kwamba alijiendeleza kielimu."

"Kafanyia wapi hiyo? Andika kwamba alifanya mtihani wa chuo akafeli, akarudia akafeli, na mwaka huu alikuwa anarudia tena."

"Shemeji, watu watacheka."

"Wacheke, yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Na uandike kwamba safari hii alitaka arudie na mwenzake. Alikuwa ananiambia yupo jamaa mmoja ana akili kuliko sie wote, ila aibu inamuua. Alisema wiki hii atamfuata kwake amshawishi waende wote. Jina hakunitajia."

Gozbert aliandika yote. Kumbe kichwa cha fundi hakikusahau kitu.

Kesho yake, misa ilipokwisha na jeneza likiwa mbele ya watu, alipewa kipaza sauti. Alisoma vizuri kuzaliwa, ubatizo, ndoa, ufundi. Alipofika kwenye elimu akaipitia juu juu kwa sauti yake nzuri. "Marehemu alijiendeleza kielimu, na kwa upande wa maisha ya kiroho..."

"Sivyo!" Mama Lusungu alikuwa amesimama, kanga imemshuka begani. "Soma nilivyokwambia. Usimfanye mume wangu mwongo akiwa amelala hapo."

Gozbert akasoma. Alifanya mtihani, akafeli. Akarudia, akafeli. Kicheko kikatoka, lakini si kile alichokuwa akikiogopa. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Mmoja akasema, "Soda zake tulikunywa!" Mwingine akaitikia, "Mwamba huyo!" Gozbert, aliyewapamba marehemu wengi, hakuwahi kuona wasifu ukimrudisha mtu karibu kiasi kile.

"Na mwaka huu," akaendelea, "alikusudia kurudia pamoja na mwenzake."

"Mwenzake yupi?" akauliza Leonardi, mwenyekiti wa jumuiya ambaye kazi zote za kuandika alimsukumia Gozbert, akiwa amekaa mbele. "Huyo mtu asimame tumwone."

Watu wakageuza shingo. Gozbert alitazama karatasi, akailaza mezani.

"Haikuandikwa," alisema.

Alijidharau pale pale, na dharau hiyo ilikuwa chungu kuliko zote alizowahi kuwagawia wengine. Usiku hakumwambia Felicitas kitu, naye Felicitas hakuuliza. Felicitas mwenyewe alikuwepo msibani, alisikia kila kitu.

Ijumaa asubuhi Gozbert aliingia steshenari ya karibu na kituo cha mabasi, wanakowajazia watu maombi ya mtihani ule. Binti wa pale alimwamkia, akachukua namba yake ya simu, akabonyeza, akakunja uso.

"Anko, mbona inakataa? Inasema namba hii ilishaomba mwaka jana." Alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Ulishafanyaga huu mtihani?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni, na katika foleni, ameshika karatasi za kutoa kopi, alisimama Leonardi. Uongo ulikuja wenyewe mdomoni, tena uliopangika vizuri: labda ni makosa ya mtandao, weka namba ya mke wangu.

"Nilifanya," Gozbert alisema. "Nikafeli. Narudia."

"Ulifeli wewe?" Leonardi aliachama. "Msomi?"

"Mie. Hesabu zilinipiga kama mtoto mdogo."

Leonardi alianza kucheka, kicheko kikakatika njiani. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe mwenzake Albano ni wewe."

"Ni mimi. Na siku yangu ya kufa ikifika, ukaniandikia wasifu, Leonardi, pamoja na uvivu wako wote wa kuandika, hilo usithubutu kuliruka."