Alichokisema Chini ya Gari

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mtaa wetu mzima wa Nyamirambo, Kigali, ulijua mume wangu amelala wapi, kwa sababu gari lake lililala alipolala yeye. Alikuwa dereva wa taksi, na tulikuwa wake wawili. Siku mbili gari lilikuwa uani kwangu, siku mbili lilikuwa kwa mwenzangu, mtaa wa chini, nyuma ya msikiti. Zamu haikukosewa. Hata muuza mkaa aliniambia asubuhi, "Leo unaye," na mimi nikajifanya sijasikia.

Gari lile mimi nililijua kwanza. Kabla mwenzangu hajaolewa, mshika kitambaa nilikuwa mimi. Mume wangu alinifundisha kwamba kijiti cha oili huchomolewa alfajiri, kabla injini haijawashwa. Unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, ndipo unakisoma. Oili yenyewe unaisugua kati ya vidole, na ukisikia mchanga unaimwaga, hungoji igeuke lami. Rejeta haifunguliwi ikiwa na moto, wala haipewi maji ya bomba. Tuliipa maji yaliyochemshwa yakapoa, maana ile chokaa inayoganda kwenye birika huganda na humo. Maji ya betri nilikuwa nayakinga mwenyewe, ya mvua, kwenye beseni lililowekwa mahali pa wazi, si yale yanayoteremka kwenye mabati. Mafuta ya breki tulinunua kichupa kidogo kisichofunguliwa, kwa sababu yakikaa wazi hunywa unyevu wa hewani, na siku moja kwenye mteremko mguu wako unafika sakafuni gari likiendelea na safari yake. Kigali ni milima mitupu. Somo hilo sikuhitaji kurudiwa.

Basi akaoa. Dini imeruhusu, na pilau ya harusi niliipika mimi, chumvi nikaitia sawasawa ili asipatikane wa kusema neno.

Usiku niliuvumilia. Zilizonikondesha ni Jumapili. Siku hiyo wateja wengi walikuwa kanisani, taksi ikapumzika, na hapo ndipo alipolihudumia gari. Matengenezo yote aliyafanya kwa mwenzangu, hata Jumapili ya zamu yangu. Aliamka kwangu, akanywa chai yangu, akavaa shati nililolipiga pasi, kisha akaenda kujilaza chini ya gari kwenye ua wa mwingine. Nililijua hilo nilipokwenda kumtazama mwenzangu alipojifungua. Uani kwake palikuwa na doa la oili pana kama mkeka. Nilimbeba mtoto, nikamsifu, macho yangu yakiwa kwenye lile doa. Uani kwangu hapakuwa na tone.

Mtu asiyejua atauliza, nani anaonea wivu oili? Lakini mume aliye chini ya gari haendi popote. Mikono ina kazi, mdomo uko huru. Anaomba spana, anapewa, na anazungumza. Kwangu alikuja na gari zima, akala, akasinzia. Maneno yake yote alikuwa anayapeleka kule, na mimi nilitaka kujua kama bado nina nafasi moyoni mwake au nimebaki bi mkubwa wa jina. Kanga zinasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi ni mshonaji, na nguo zangu zote nilizipunguza ubavuni.

Vita vilipoanza kaskazini, njia ya malori ya Uganda ikafungwa. Petroli, ambayo kwetu tunaiita lisansi, ikawa inazungukia Tanzania, ikaadimika, watu wakaiuza kwa madumu kando ya barabara. Katikati ya uhaba huo macho ya mume wangu yakaanza kuona ukungu, ikabidi aende kwa ndugu zake Bujumbura atibiwe. Taksi ingeendeshwa na dereva wa kukodi, na jioni ufunguo ungekabidhiwa mmoja wetu. Niliutaka ufunguo ule. Niliona ndio utakaosema mke ni nani.

Akampa mwenzangu.

"Yeye amezoea kazi ya gari," aliniambia. "Wewe ni bi mkubwa. Mimi siwezi kukuletea mafuta nyeusi hapa. Iko heshima."

"Nani alikwambia naitaka heshima hiyo?"

Akacheka, akadhani namtania, akaniomba nimfungie sanduku vizuri.

Alipoondoka, zamu ikafa. Gari likawa linalala kule kila siku, na asubuhi linapita mlangoni kwangu likipanda mlima, mimi niko kwenye cherehani nalisikiliza. Asubuhi moja likapanda likigonga, sauti ya kokoto ndani ya kopo. Halikufika juu. Likarudi likishuka polepole, likiwa limezimwa.

Furaha niliyoipata sitaificha. Mwenye ufunguo sasa ataulizwa. Nikaendelea kushona, lakini kila nikitazama nilichoshona nakuta nimekipindisha, maana kugonga kule nilikujua na dawa yake niliijua, na gari lile lililisha watoto wangu pia. Nikajitanda kanga, nikashuka.

Dereva alikuwa ameshakwenda kutafuta fundi. Mwenzangu amefungua boneti, anasugua plagi kwa msasa, oili imemfika viwikoni.

"Plagi iko safi, dada," alisema. "Sijui inaumwa nini."

"Lisansi mmenunua wapi?"

"Pale chini, kwa watu wa madumu."

Dumu lilikuwa pale na mabaki yake, nikamimina kidogo kwenye kiganja. Petroli hukimbia, inakuacha na ubaridi na ngozi kavu. Hii ilikaa. Kiganja kikabaki na utelezi, na harufu ya taa ya chemli. Walikuwa wameuziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa.

"Imwagwe yote," nilisema. "Nipe spana."

"Utachafuka, dada."

"Nipe spana."

Nikalala chali chini ya tangi, yeye akachuchumaa kando na beseni. Nati ilikuwa imekaza, na huku nikihangaika nayo nikaona kwamba mtu akiwa pale, uso umefichwa, ulimi unakuwa mwepesi. Nikamwuliza lile lililonila miaka.

"Akiwa hapa chini, huwa anakwambia nini?"

Akalisogeza beseni karibu na bega langu.

"Wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Anakutaja wewe tu. Dada mkubwa alikuwa anakinga maji ya betri hivi. Dada mkubwa akigusa oili kwa kidole anajua. Dada mkubwa ndiye alimvumilia wakati gari iko mbovu na hakuna kitu ndani ya nyumba. Kila Jumapili ni hayo. Mimi napeana spana, nasikia sifa yako. Nilikuwa nakuchukia, dada."

Nati ikalegea, mafuta yakaanza kutiririka kwenye beseni. Nilipaswa kufurahi. Maneno yale yote yalikuwa yangu, na aliyeyasikia ni yeye. Sijawahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea pale. Nikamwambia arudie tangu mwanzo, na asiruke hata neno.